Zege Halilali

Jumapili, 2 Machi

Mama amenipa kazi. Amesema kwa kuwa nimemaliza shule na matokeo hayajatoka, na kwa kuwa hesabu ndilo somo pekee ambalo mwalimu hakuhitaji kusikia sauti yangu, basi nimpigie bajeti ya zege. Anataka njia kutoka mlango wa chumba cha bibi, kule nyuma, mpaka chooni. Pesa ni zake. Amezibana mwaka mzima kwenye mshahara wake wa kufua mashuka ya hospitali.

"Iwe tayari kabla ya mvua," kasema. "Na usiniletee bajeti ya kubahatisha. Hii pesa haina ndugu wa kuisaidia."

Nimesema sawa. Mimi husema sawa kwa kila kitu. Nyumbani wanaijua sauti yangu kama ya jokofu: hawaisikii mpaka izimike.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima kwa futi ya cherehani ya mama, kipande kwa kipande. Bibi alikaa kizingitini akanishikia ncha.

Mvua za mwaka jana aliteleza kwenye njia hiyohiyo, akavunjika nyonga. Siku hizi anatembelea fimbo ya hospitali yenye miguu minne. Kwenye sakafu inasimama imara kama kigoda. Kwenye tope kila mguu unazama kivyake.

"Upana wote huo wa nini?" akaniuliza.

"Mpite wawili, bibi. Wewe na wa kukushika."

"Basi upunguze. Sitaki kushikwa."

Sikuupunguza. Urefu mita kumi na nne, upana mita moja na robo kasoro kidogo, unene inchi nne.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa. Muuzaji kaniuliza mara tatu ninataka nini, mara ya nne kamuuliza mteja wa nyuma yangu. Nimerudi na bei za saruji, mchanga na kokoto, lakini nilirudi na hasira pia, na hiyo sikuipigia bei.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa nimekwisha andika "saruji mifuko saba", nimepiga mstari chini yake kwa rula. Nimefurahi jinsi ilivyokuwa ndogo. Halafu nikaingiwa na shaka, maana mama kasema nisibahatishe. Nikachukua kikombe. Majivu kimoja badala ya saruji, mchanga viwili, kokoto nne, maji kidogo, nikakoroga kwenye ndoo. Vikombe saba viliingia. Nilipovichota tena kuvipima havikufika hata vitano.

Nikakoroga upya, nikidhani nimekosea. Vilevile. Mchanga unajipenyeza kati ya kokoto, majivu yanajipenyeza kati ya mchanga, vyote vinakumbatiana na kusinyaa. Kumbe mimi nilikuwa nimehesabu kana kwamba kila kitu kitakaa peke yake.

Siyo mifuko saba. Ni kumi na mmoja.

Ningempa mama ile hesabu ya kwanza, njia ingeishia katikati ya tope. Nimejikasirikia mpaka masikio yamewaka. Nilipomwonyesha mama ile mpya alikaa kitini kwanza. "Haya," kasema. "Kiti changu kibovu cha kazini nitaendelea kukifunga kamba, kipya kisubiri. Kumi na mmoja."

Jumapili, 9 Machi

Kuna ua kwenye kopo, nje ya dirisha la bibi, chini ya upenu mvua isipofika. Kila ua hapa nyumbani limeungua kwa jua, hilo limenawiri, majani mapana kama viganja. Leo nimejua kwa nini. Nilimpelekea bibi chai ya saa kumi, nikasahau sukari, nikarudi bila kugonga. Nikamkuta amenyoosha mkono nje, anamwaga.

"Bibi! Haina sukari ndiyo maana?"

"Si sukari." Akafuta kikombe kwa pembe ya nguo, polepole, kama mtu aliyekamatwa. "Nikinywa mchana, jioni nitataka kutoka. Giza likiingia kule nyuma mimi sipawezi."

"Na maji?"

"Nakunywa asubuhi."

Ndiyo maana midomo yake imepasuka. Ndiyo maana juzi kizunguzungu kilimshika akasema ni uzee. Sisi sote tunakaa nyumba moja naye, na aliyekuwa anajua ni ua.

Jumatano, 12 Machi

Baba mdogo ameiona bajeti mezani. Yeye ni mdogo wake baba, kitinda mimba wa bibi, anauza bima na anakaa chumba cha mbele. Baba yangu ni dereva wa malori ya masafa, kwa hiyo akiwa safarini baba mdogo ndiye mwenye nyumba, angalau kwa sauti. Nampenda, lazima niandike hivyo. Ndiye aliyenifundisha baiskeli. Ndiye anayemchekesha bibi mpaka anashika mbavu.

"Mhasibu wetu!" kasema. "Umeweka mpaka misumari ya fomu! Basi niachie mimi usimamizi. Mafundi wakiona mtoto wa kike mpole hivi watachanganya mchanga mtupu. Na tuharakishe. Zege halilali!"

Ni msemo wa mafundi. Zege likishachanganywa haliwezi kungoja kesho, litageuka jiwe mahali lilipo. Lakini baba mdogo anautumia kwa kila kitu. Ukimuuliza atampata wapi fundi, zege halilali. Ukimuuliza lini, zege halilali. Mama akamkabidhi pesa za vifaa, kwa kuwa zamu yake inaanza alfajiri.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi amepatikana. Mtaani wanamwita Fundi Kesho. Nilipouliza kwa nini, walicheka.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi kasema kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja! Vifaa vimeshushwa getini, saruji tumeiingiza barazani. Mifuko nimeihesabu mwenyewe, ni kumi na mmoja. Amepigilia mbao za fomu, zile za kulizuia zege lisitawanyike, pande zote mbili za njia, mimi nikimshikia kamba. Amezilaza kidogo, maji yakimbilie bustanini badala ya mlangoni kwa bibi. Zimenyooka vizuri hata nimezipita mara kadhaa bila sababu. Mawe ya chini ameyashindilia. Nikamuuliza zege lini.

"Kesho," kasema, akafunga kisanduku cha vifaa.

Jumapili, 16 Machi

Hakuja.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuja. Mawingu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Sijui niandike vipi, lakini nikiacha nitapasuka.

Nilikuwa mbele naanua nguo. Niliporudi ndani chumba cha bibi kilikuwa kitupu, mlango wa nyuma wazi. Njia imefungwa na fomu, kwa hiyo alikuwa amepita pembeni, kwenye udongo ambao fundi aliuchimbua. Alikuwa amesimama katikati. Miguu minne ya fimbo imezama yote, hawezi kuing'oa, hawezi kuiachia. Hakuwa anaita mtu. Alikuwa amesimama tu kwenye mvua, ameinua kidevu, kama mtu anayengoja basi.

Nikamshika kiunoni. Gauni lilikuwa limelowa, na si kwa mvua tu.

"Usimwambie mtu," kasema.

"Sawa, bibi."

"Mvua imenisaidia. Haionekani."

Nimemwogesha, nimembadilisha nguo, nimefua gauni kabla mtu hajarudi. Mama kaniuliza mbona macho mekundu. Nimesema moshi. Hatupikii kuni.

Alhamisi, 20 Machi

Mwandiko utakuwa mbaya leo; kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Leo wakati wa chakula baba mdogo amegonga glasi kwa kijiko. Kasema amefikiria sana. Kasema zege litamwagwa mbele, pale anapoegesha gari.

"Mbele ndiko kunakoonekana," kasema. "Mgeni akija anaingilia chooni? Nani amewahi kusifia nyumba kwa njia ya choo?"

Mama akaweka kijiko chini. "Shemeji, ile ni pesa ya njia ya mama."

"Na mama ndiye anayekaa hii nyumba! Si heshima yake pia? Nyuma tutapanga matofali. Halafu tazama, shemeji: mama ana miguu sita sasa, miwili yake na minne ya hospitali. Gari langu lina minne tu, na ndilo linalozama!"

Wakacheka. Hata mama alitoa kicheko kidogo cha puani, kile cha kukwepa ugomvi. Na bibi alicheka. Bibi! Alicheka, akafuta macho, akasema, "Huyu mtoto huyu."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji. Ningesema neno moja tu la Jumanne, kicheko kingekufa. Lakini niliahidi. Hoja pekee niliyonayo siwezi kuitumia. Nikamimina maji. Bibi akafunika glasi yake kwa kiganja.

Baadaye nilijikaza, nikamfuata baba mdogo uani kumweleza kwamba saruji hiyo haitoshi kule. Mahali pa gari ni pakubwa zaidi.

"Tutapunguza unene. Inchi tatu."

"Gari juu ya inchi tatu litapasua, baba mdogo."

"Eti?"

"Litapasua."

"Ongea basi, Mhasibu, mbona unanong'ona kama uko maktaba?" Akanigonga bega kwa upole, kwa upendo kabisa, akaenda zake. Afadhali angenipiga kofi. Nilichukia hata ile baiskeli.

Ijumaa, 21 Machi

Mama amempigia baba simu. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, na injini ikinguruma. "Mdogo wangu ndiye mwanamume aliyepo hapo. Msivutane kwa sababu ya tope."

Kwa sababu ya tope.

Namkasirikia baba aliye mbali. Namkasirikia mama, anayeweza kuinua mashuka yaliyolowa ya wodi nzima lakini hawezi kuinua neno moja. Namkasirikia bibi kwa kucheka. Nikifika kwangu mwenyewe, karatasi haitoshi.

Fundi kaambiwa azing'oe mbao za nyuma azihamishie mbele. Kasema kesho asubuhi, kabla ya kazi. Mvua inanyesha tangu jioni.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi Kesho amekuja leo. Hiyo peke yake inastahili wino. Alikuja na vibarua wawili, kachelewa, na mbao hakuzigusa. Kasema fomu za mbele atazipiga wakati wenzake wanachanganya.

Mvua ilikuwa imekatika, jua kali limetoka. Gari la baba mdogo lilikuwa limelala palepale, juu ya mahali panapotakiwa kumwagwa. Fundi akaligonga boneti.

"Bosi, na hili?"

"Hilo ni kuzungusha ufunguo tu. Nyinyi changanyeni!" Alikuwa amekunja suruali, shati jeupe, simu mkononi. "Kazi, kazi! Zege halilali!"

Wakachanganya. Mifuko minne ya kwanza, mchanga, kokoto, wakageuza kwa makoleo, wakatia maji. Lundo likawa la kijivu, linang'aa. Ndipo baba mdogo akaingia garini, akawasha. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha tope mpaka kwenye ukuta, gari likashuka badala ya kutoka.

Wakasukuma. Wakaweka matofali. Wakaweka gunia. Shati jeupe likawa na madoa kama kanga, yule ndege. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Jamani, mnalima?"

"Endelea na kazi zako, mama jirani!"

"Nauliza tu, niwaletee mbegu!"

Fundi alikuwa amesimama kando ya lundo. Akalibonyeza kwa koleo. Ule mng'ao ulikuwa unafifia. "Bosi, hili linaanza kushika."

"Ongeza maji!"

"Nikiongeza maji nakupikia uji."

"Basi sukumeni!"

Nilikuwa barazani. Nilimtazama mama, leo hana zamu, naye anatazama miguu yake. Kupitia mlango nilikiona chumba cha bibi, dirisha, mkono wake juu ya kikombe kikavu. Nikatazama lile lundo. Mifuko minne ya mashuka ya hospitali inageuka jiwe juani, kwa sababu mtu mmoja hakusogeza gari.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka koleo lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikajaza toroli.

"Fomu za nyuma ziko tayari," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Ndiyo kawaida.

"FOMU ZA NYUMA ZIKO TAYARI!"

Sauti ilitoka mahali nisipopajua. Kibarua mmoja aliachia gari. Baba mdogo akatoa kichwa dirishani.

"Mhasibu. Weka toroli chini."

"Zege halilali, baba mdogo."

"Unasemaje?"

"Zege halilali! Si wewe unayesema? Kila ukiulizwa kitu, zege halilali. Haya, halilali! Gari lako ndilo limelala!"

Yule kibarua akacheka, akajifanya anakohoa. Baba mdogo akashuka. Uso wake sijawahi kuuona hivyo. "Unanijibu mimi? Mbele ya watu? Mimi niliyekulea?"

Mikono yangu haikuachia toroli. Maneno ya mwaka mzima nilikuwa nimeyamaliza.

Ndipo bibi akaja. Alitoka mpaka mlango wa mbele, fimbo ikigonga sakafu, akasimama kizingitini. Hakupaza sauti.

"Kitinda mimba wangu."

"Mama, rudi ndani, jua—"

"Jumanne nilikwama kule nyuma kama hilo gari lako. Kwenye mvua." Akamtazama tu. "Wewe unao wa kukusukuma."

Jirani akashusha kichwa nyuma ya ukuta. Baba mdogo alifungua mdomo, naona alitafuta mzaha, akaukosa. Akarudi garini, akakaa, mlango wazi, mguu mmoja kwenye tope.

Fundi akatema mate kando. "Haya, mnangoja likauke? Nyuma!"

Toroli langu la kwanza lilipinduka nusu kwenye kona. Nikazoa kwa mikono. Baada ya hapo vibarua wakashika matoroli, nami nikawa nachota maji. Fundi kasema likishaanza halikatwi katikati, litaacha mshono, kwa hiyo mifuko yote iliyobaki ikafuata. Nilipoinuka kupangusa jasho nilimwona mama amekaza nguo kiunoni, ana ndoo kila mkono. Tulipishana mara nyingi kwenye ile kona. Mara moja alinigusa kiwiko kwa kiwiko.

Ilibaki saruji ya kujaza ndoo moja. Fundi kaniuliza nani aliyepiga hesabu. Nikasema mimi. Nilisema mara moja tu, akasikia.

Jumapili, 23 Machi

Baba amepiga simu. Kasema nimemvunjia heshima mdogo wake, niombe radhi. Nimeenda kwenye mlango wa chumba cha mbele. Nimesema naomba radhi kwa sauti niliyopandisha. Akangoja niendelee. Sikuendelea.

Bado nina hasira. Nilidhani itaondoka na zege.

Jumatatu, 24 Machi

Zege linataka maji kila siku, wiki nzima, la sivyo litapasuka. Nimelifunika magunia, namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Mvua nayo inanisaidia zamu ya usiku. Bibi anatazama kutoka mlangoni.

"Si limeshakauka? Unalinywesha ya nini?"

"Linaonekana limekauka, bibi. Ndani bado lina kiu."

Akalamba midomo yake iliyopasuka.

Jumatano, 26 Machi

Gari bado limekwama. Baba mdogo anaenda kazini kwa miguu, viatu mkononi mpaka getini. Hatusemeshani. Leo jioni nimekuta magunia yamekwisha kumwagiliwa. Mama alikuwa kazini. Bibi hawezi kubeba ndoo. Nyayo kwenye tope zilikuwa kubwa, za mtu aliyevua viatu.

Sijui niifanye nini habari hiyo. Nimeiandika tu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimeondoa magunia. Njia ni ya kijivu, imenyooka, maji yanakimbilia bustanini kama yalivyopangiwa.

Saa kumi nimempelekea bibi chai nusu kikombe, kama nilivyozoea tangu nimkamate akiimwaga.

"Nusu ya nini?" kasema. "Saruji imekwisha, na maziwa nayo?"

Nikajaza. Akanywa yote, akaninyooshea kikombe, nikajaza tena. Halafu nikakaa jikoni, nikijifanya nachambua mchele, masikio yote nyuma. Giza lilipoanza kuingia nikasikia mlango wake. Nikainuka. Nikakaa tena, maana alisema hataki kushikwa. Ko. Ko. Ko. Fimbo juu ya zege, miguu yote minne kwa pamoja, mpaka mwisho wa njia. Kimya. Kisha ko, ko, ko, ikirudi.

Ua la dirishani limeanza kunyauka. Kesho nitalimwagilia mimi.